Moto wa Afande Gaster

Shemeji yangu Gaster alikuwa sajini wa magereza, na mpaka leo hataki kuitwa kitu kingine ila Afande. Alistaafu Jinja, akaja kukaa kwetu Mbale, mtaa wa Nabuyonga, katika vyumba viwili vya kupanga alivyotafutiwa na dada yangu Nandutu, mkewe. Lugha yetu hakutaka kujifunza, kwa hiyo nyumbani kwao kulisemwa Kiswahili, tena Kiswahili cha amri.

Ukimsikiliza, sifa kubwa ya maisha yake ni moto. Kila Januari alisimamia uchomaji wa nyasi kwenye shamba la wafungwa huko nje ya Jinja. Aliwasha saa nane mchana, jua likiwaka, akapuliza filimbi, na moto ukaenda mpaka kwenye mafunjo ya ziwa ukafa wenyewe. Hakuwahi kuuzima hata mara moja. Mjinga yule akadhani unamwogopa. Kule ziwa linaleta mvua mwezi wowote, na nyasi zikikauka juu, chini ni mbichi. Mahali kama hapo hata mbuzi angekuwa bingwa wa moto.

Nandutu alikuwa na mikalitusi yake. Aliipanda kwa mkono wake kwenye mteremko wa shamba la marehemu mama yetu, chini ya mlima Wanale, wakati mumewe yuko Walukuba, kule Jinja, anang'arisha buti. Miti ile ndiyo ingekuwa nguzo na paa la nyumba yake mwenyewe. Mwaka huu ilikuwa ikatwe, naye aachane na kupanga.

Novemba mvua ilipiga isivyo kawaida, na lusenke, yale majani makali ya kuezekea, yakafika kifuani katikati ya miti. Desemba mvua ikakatika kabisa. Yote yaliyostawishwa na mvua yakageuka kuni: majani yamekauka, magome yananing'inia, na kila mchana upepo unapanda mlima. Gaster akatangaza kwamba atayachoma majani yale kabla miti haijakatwa. Nandutu alimwomba asiguse kitu. Kwetu mtu hachomi peke yake. Anawaita majirani wa mpakani, wanalima njia ya udongo mtupu, kisha wanawasha alfajiri kutoka juu, umande ungalipo, moto ushuke polepole.

Gaster alicheka.

"Nyinyi watu ya mlima munaogopa moshi," alisema. "Moto iko kama mfungwa. Akijua mkubwa ni nani, anatulia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu alijiona mkuu ni yeye. Dada alipokwenda mazishini, akawasha chini ya mteremko, saa nane, peke yake, filimbi mdomoni. Moto ulipanda mbio kuliko mtu. Tulipofika na matawi mabichi, vipande vya magome vilikuwa vinaruka na upepo na kuwasha mbele yetu. Na Afande? Alikuwa anaupulizia moto filimbi. Siku zote nilimdharau, ila siku ile nilimwonea kinyaa. Moto uliishia juu, kwenye mwamba, ulipokosa cha kula.

Jioni alikuwa kilabuni akisimulia alivyoiokoa Mbale. Nandutu aliporudi, mumewe alimpa ripoti kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba kosa ni la upepo. Dada alikwenda shambani akasimama ameshika shina moja jeusi mpaka giza likaingia.

Machi mvua ilirudi. Tulikuwa tumeikata miti iliyoungua, isiyofaa tena kwa nguzo, na visiki vikachipua, kama ilivyo kawaida ya mikalitusi. Ungemwona Afande alivyovimba kichwa. Alileta wageni kuwaonyesha jinsi moto wake ulivyoupa udongo nguvu, akawaambia kwamba baada ya miaka minane nguzo zitakuwa tayari. Mbele yao akamtaka Nandutu amshukuru.

"Afande, mimi iko na miaka sitini na saba," dada alisema. "Hiyo nyumba ikisimama, mutanilaza ndani usiku moja tu, asubuhi munizike."

Wageni walitazama chini. Gaster alijifuta jasho, akageukia lusenke, ambayo ilikuwa imeshafika magotini, akasema mvua ya mwaka huu ni nzuri sana.