Padri Aliyesema Kwao Hawakuvaa Viatu

Sisi tuliosoma miguu mitupu tunajuana. Ijumaa ulibeba mavi ya ng'ombe kutoka nyumbani, ukakandika sakafu ya darasa, ukajipangusa mikono kwenye nyasi, ukapiga foleni ya uji ulioungua chini, mtamu ajabu! Viatu? Mama alivifungia sandukuni. "Viatu ni vya Jumapili," alisema, na ukibisha unakula kofi.

Nikiwa darasa la sita, padri wa misheni yetu, mzee kutoka Ayalandi, alituhadithia kijiji chao cha pwani. Eti ni mawe matupu, udongo hakuna. Watu hubeba majani ya baharini mgongoni kwa vikapu, wakayatandaza na mchanga juu ya mwamba mpaka yaoze, pawe shamba la viazi. Na yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo utotoni, bila viatu.

Mzungu! Bila viatu! Nikasimama: "Padri, wewe ni mwongo!" Darasa zima likaangua kicheko. Padri hakukasirika, alinitazama tu miguu. Aliyekasirika ni mwalimu mkuu: niombe msamaha mbele ya wote au nisirudi.

Mama alinibembeleza wiki nzima. "Sema pole urudi darasani. Pole inakuuma wapi?"

Nilikataa. Nikaenda sokoni kubeba magunia, na shule yangu ikaishia hapo. Msinionee huruma. Leo nina lori mbili na nyumba ya mawe, na wenye vyeti huja kwangu kuomba kazi. Kila niliposimulia kisa hiki nilimalizia hivi: na mimi ndiye niliyekuwa sawa.

Basi, kabla sijapata lori hizo, watu wetu walipoanza kumiminika Saudia, nami nikaenda kuendesha gari Riyadh. Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini huko, alinipa kazi ya kupeleka manesi hospitalini. Asubuhi moja nilimbeba nesi mmoja, mama wa makamo, kutoka mtaa wa Sulimaniyah. Aliposema kwao ni Ayalandi, kijiji kidogo cha pwani, nikaona nimchekeshe. Nikamsimulia padri wangu mwongo.

Hakucheka. Tuliposimama kwenye taa nyekundu alininyooshea simu. Picha ya zamani: kuta za mawe, bahari, watoto wanne wa kizungu wana vikapu mgongoni vinachuruzika maji. Miguu mitupu, vidole vimetanuka kama vyangu!

"Huyu wa mwisho ni mama yangu," alisema. "Viatu vilikuwa vya Jumapili."

Jamani! Maneno ya mama yangu, yanatoka kwa mzungu! Taa ikawa kijani, honi zikalia, mtu nyuma anafoka "Yalla! Yalla!", na mimi mguu umekataa kukanyaga mafuta.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Mama. "Mama, padri hakudanganya."

"Ndiyo unajua leo? Mtu avuke bahari yote hiyo aje kudanganya watoto wa watu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia useme pole."

Watoto wa siku hizi wangemaliza ubishi huo kabla ya kengele. Anabonyeza simu, anaona picha, anasema "sori" bila hata kuinua macho, anarudi kwenye michezo yake. Wana viatu jozi nne na kukandika sakafu hawajui, lakini darasani wamebaki.

Pole yangu mimi ilichelewa miaka thelathini na zaidi. Niliporudi nyumbani, padri alikuwa ameshazikwa nyuma ya kanisa la misheni. Nilikwenda peke yangu, nimevaa suti yangu ya Saudia. Kabla ya kusema neno lolote, nikavua viatu.