Mkunga wa vifaranga na anwani aliyoiandika juu ya yai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Begi limefungwa, viatu vimevaliwa, basi linaondoka baada ya saa moja, lakini mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mkunga hatoki. Amesimama mbele ya mashine yake ya kuangulia vifaranga, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, mwingine umeshika simu.

"Thelathini na saba nukta tano," anasoma kwenye kioo cha mashine. Anaitazama simu. "Thelathini na saba nukta tano! Shemeji, zinalingana!"

"Zinalingana tangu jana," anajibu mzee aliyekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa pembeni. "Nenda, mama. Mwanao hawezi kukusubiri uhesabu digrii."

Ni siku ya kumi na tisa. Ndani ya mashine kuna mayai 528, na kesho kutwa yataanza kupasuka. Saa sita za safari kutoka hapa, binti yake wa pekee ameshikwa na uchungu wiki nzima kabla ya tarehe aliyopewa. Mkwewe alipiga simu alfajiri kumwita.

Kwa miaka saba Mkunga hajawahi kulala nje ya nyumba hii mashine ikiwa na mayai. Leo anaondoka. Kinachomwondoa ni namba ndefu yenye nukta tatu, aliyoihangaikia kwa wiki tatu.

Chumba chake cha kuangulia ni hatua sita kwa tano. Dirisha moja, betri mbili za akiba, mashine yenye kimo cha kabati la nguo, na rafu ya trei za mayai. Kila yai lina tarehe aliyoiandika kwa penseli. Penseli yenyewe haimtoki sikioni. Majirani wanasema hata kanisani huenda nayo.

Kila baada ya siku ishirini na moja, mikono hii hutoa vifaranga wapatao mia nne na thelathini, wanaokwenda kwa wafugaji wa mitaa yote ya jirani. Ndiyo kazi iliyomsomesha bintiye tangu mumewe alipofariki. Lakini ni kazi yenye wivu. Joto likipanda digrii tatu kwa saa chache, mayai yanaiva. Likishuka, vifaranga wanafia ndani.

"Watu wananiambia, mbona huonekani msibani, mbona huonekani harusini," anasema. "Nionekane vipi? Mimi nimeolewa na kabati."

Anacheka, lakini kuna jambo halimchekeshi. Miaka minne iliyopita, bintiye alipokuwa anajifungua mtoto wa kwanza, Mkunga aliajiri mtu wa kuilinda mashine kwa siku tatu, akapanda basi. Katikati ya safari akapigiwa simu: mlinzi alipitiwa na usingizi, na joto limefika arobaini na moja. Akashuka njiani, akarudi mbio. Hakuokoa yai hata moja, na mjukuu alizaliwa jioni ile bila yeye kuwepo.

"Nilikosa vyote viwili," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaketi. "Mwanangu hakunilaumu. Aliniambia tu, mama, unawazalisha kuku wa watu wote, mimi nimezaa peke yangu. Lile neno lilinikaa hapa." Anajigusa koo.

Mjukuu huyo sasa ana miaka minne. Amemwona bibi yake mara mbili tu, tena akiwa mdogo wa kubebwa. Mengine yote ni kwenye skrini, kwa hiyo anamwita Bibi wa Simu.

Basi binti aliposhika mimba ya pili, akasema neno moja: "Safari hii uje." Mkunga akaahidi. Akakata simu, akaigeukia mashine, akajiuliza atafanyaje.

Shemeji alikuwepo. Huyu ni kaka wa marehemu mumewe, fundi mstaafu wa simu za mezani, aliyetumia miaka thelathini kupanda nguzo na kuunganisha nyaya. Mikono bado imara, akili inawaka, ila macho yamemsaliti. Tatu anaisoma nane.

"Mwaka jana aliniambia joto ni themanini na saba," anasimulia Mkunga. "Nusura nizimie."

"Ungezimia vizuri tu," anajibu shemeji. "Ungepata siku moja ya kupumzika."

Mpango ukawa huu: shemeji abaki na mikono, Mkunga asafiri na macho. Mashine ina kisanduku kidogo kinachoonyesha na kurekebisha joto, unyevu na feni, na kinaweza kuunganishwa na intaneti. Ndani ya chumba, simu yake ilikifungua bila tabu kupitia waifai ya modemu yenye laini ya simu. Alipotoka tu nje ya geti, kimya.

Hapo ndipo shemeji alipopiga paja. Tatizo alilijua.

"Kampuni za simu hazimpi kila mteja anwani yake mwenyewe," anaeleza, akiinuka kwenye ndoo kwa furaha ya kuulizwa. "Wateja mamia wanatoka nje kwa anwani moja. Ni kama simu za ofisini enzi zetu. Wewe ukiwa mezani kwako unapiga nje utakavyo. Mtu wa nje akikutafuta wewe, anaishia kwa opereta. Na opereta huyu hata jina lako halijui."

Dawa ni kuiomba kampuni ikupe anwani ya IP ya umma: namba yako peke yako, isiyobadilika, ambayo simu ikiiita kutoka popote inafika kwako. Kusema ni rahisi.

Mara ya kwanza Mkunga alipopiga huduma kwa wateja, aliambiwa azime modemu kisha aiwashe. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akauliza, "Mwanangu, hivi ninyi mkiumwa pia mnazimwa na kuwashwa?" Yule binti wa upande wa pili akaangua kicheko, na kuanzia hapo wakaelewana. Akamwambia ukweli: huduma ipo, ila ni ya laini za biashara, na maombi yanapelekwa ofisini.

Ofisini alikwenda mara nne. Mara ya kwanza alitakiwa leseni ya biashara. Mara ya pili nakala ya leseni. Mara ya tatu foleni ilimshinda, maana ilikuwa saa ya kugeuza mayai na mtambo wa kugeuzia ulikuwa umekwama. Mara ya nne akapewa fomu, na palipoulizwa idadi ya wafanyakazi akaandika: "Mmoja, na shemeji."

"Karani akaniuliza, mama, anwani ya umma unaitakia nini? Wanaoziomba ni mabenki," anasema, akimwigiza kwa shingo ndefu. "Nikamwambia, nina wateja mia tano wamefungiwa ndani, hawajazaliwa bado. Akagonga muhuri."

Huduma hiyo itamgharimu kila mwezi bei ya trei mbili za mayai. Yeye anasema angetoa hata tano.

Simu ya kumpa namba ilikuja jana asubuhi, siku ya kumi na nane. Kwa waanguaji, siku hiyo ndiyo ya kuyahamishia mayai kwenye trei za chini, kufunga mlango, na kutoufungua tena mpaka vifaranga watoke. Ukiufungua, unyevu unakimbia na ganda linamkaukia kifaranga mwilini. Mkunga alikuwa katikati ya kazi, trei mapajani, penseli mkononi. Binti wa huduma kwa wateja akamwambia, "Mama, andika." Naye akaandika juu ya kitu kilichokuwa mbele yake.

Akashukuru, akashangilia, akambusu shemeji kwenye upara. Akamaliza kuhamisha mayai yote, akafunga mlango. Kisha wakataka kuijaribu namba.

"Namba iko wapi?" shemeji akauliza.

Mkunga akapapasa mifuko. Akatazama mezani, sakafuni, ukutani. Halafu polepole akageuza uso kuitazama mashine.

"Nilisikia amenyamaza," anakumbuka shemeji. "Huyu mtu hanyamazi. Nikajua tumekwisha."

Anwani ilikuwa juu ya yai, na yai lilikuwa ndani pamoja na wenzake 527. Shemeji akapendekeza mlango ufunguliwe dakika mbili tu.

"Siku ya kumi na nane? Uniue kwanza!"

Wakamulika tochi kwenye kioo nusu saa nzima. Mkunga akaona tarehe tupu. Shemeji akaona ukungu. Mwisho Mkunga akapiga tena huduma kwa wateja. "Mama wa mayai?" akauliza yule binti wa huduma. Alipoelezwa, alicheka mpaka akaomba radhi, akaisoma namba upya. "Sasa hivi, mama, karatasi. Tafadhali sana, karatasi."

Baadaye shemeji alikumbuka kwamba namba ileile ilikuwa inaonekana kwenye ukurasa wa modemu muda wote. "Hilo usiliandike," analiambia gazeti hili.

Kabla ya kuufungulia ulimwengu mlango, shemeji alimlazimisha abadilishe nywila, kutoka ile fupi ya kiwandani hadi sentensi nzima ambayo Mkunga anasema hata malaika hawezi kuibahatisha. Ndipo akatoka nje. Alitembea hatua mia mbili hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti, akazima waifai, akaandika namba tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye karatasi.

Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Kisha: 37.5.

"Nayaona mayai yangu!" Alipiga ukelele hadi mchomeleaji akavua kinyago akidhani ameungua. "Nayaona nikiwa huku! Ee Mungu wangu, nayaona!"

Akabonyeza kwenye skrini kitufe cha feni ya mashine. Sekunde tatu, simu ikaita. Alikuwa shemeji, hoi kwa msisimko. "Feni imewaka yenyewe!"

"Si yenyewe! Ni mimi! Ni mimi hapa kwa mchomeleaji!"

Akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Mchomeleaji naye akaomba kujaribu, akakataliwa. Jioni wakafungua kumbukumbu za modemu na kukuta wageni wasiojulikana wamejaribu kuingia mara mia tatu na kumi na mbili, kutoka kila pembe ya dunia. Ndivyo ilivyo kwa mwenye anwani ya umma: kila mpita njia anapiga hodi. Shemeji alikagua nywila mara mbili. Mkunga alijishika kiuno.

"Juzi ofisi nzima hainijui," alisema. "Leo dunia nzima iko mlangoni. Wabishe hodi mpaka wachoke, hawafunguliwi."

Sasa ni asubuhi ya safari, na hatimaye mkono unaachia kitasa. Gazeti hili linapanda basi pamoja naye. Saa mbili za mwanzo anaitazama simu kila baada ya dakika. Abiria wa kiti cha pili anamuuliza kama anafuata matokeo ya mpira.

Saa ya tatu, uso unabadilika. 36.9. Halafu 36.4. Ni karibu na mahali palepale aliposhukia miaka minne iliyopita. Anainuka nusu kitini, anamtazama dereva. Kisha anakaa, anapiga simu.

"Shemeji, umefungua dirisha?"

"Umejuaje?"

"Upepo unapiga mashine! Lifunge!"

"Nilikuwa nasikia joto..."

"Joto si lako, la mayai! Funga!"

Dirisha linafungwa. Kwa kidole gumba anaongeza joto kidogo, na macho hayabanduki kwenye skrini. 36.6. 37.0. Dakika ishirini baadaye, 37.5. Anaegemeza kichwa kwenye kiti na machozi yanamtoka waziwazi, bila kuyafuta. "Sikushuka," anasema. "Umeona? Sikushuka."

Wodi ya wazazi imejaa harufu ya dawa na sabuni. Saa kumi na moja jioni, akiwa ameushika mkono wa mwanawe tangu saa nane, Mkunga anamsikia mjukuu wake wa pili akilia kwa mara ya kwanza. Ni msichana, kilo tatu na robo. Mkunga anatoka ukumbini akipepesuka kwa furaha, anamkumbatia mkwewe, anamkumbatia nesi, anamkumbatia mwandishi.

Binti yake, akiwa amelala kwa uchovu, anasema maneno machache tu: "Alikuja. Nilikuwa namsikia anahesabu pumzi zangu kama mayai."

Mipango Mkunga anayo. Atabaki hapa hadi kitovu cha mtoto kianguke. Vifaranga wakitoka kesho kutwa, shemeji atawatoa kwa mikono na yeye atahesabu joto kutoka huku. Akirudi, atawakusanya wanawake wenzake kumi na mmoja wanaoangua mayai, awafundishe kuomba anwani zao, kila mmoja na fomu yake. "Na karatasi," anaongeza.

Wakati anaongea akiwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mvulana wa miaka minne amesimama mlangoni, ameshika suruali ya baba yake. Anamwangalia mwanamke huyu juu hadi chini. Anafunua mdomo.

"Baba! Bibi wa Simu ametoka!"

Ukumbi mzima unacheka. Mtoto hacheki. Anasogea taratibu, anamgusa bibi yake goti, kisha mkono, kuhakikisha. Halafu anaichukua ile simu kutoka mapajani mwake na kuichungulia. Kwenye skrini kuna namba tu: 37.5.

"Ulikuwa unakaa humu?" anauliza.

Mkunga anampakata. "Nilikuwa nakaa humo, mume wangu," anamwambia. "Nimetoka."