Mtunza Moto wa Shimo Moja

Popote alipoingia, mtunza moto alilamba kidole na kukiinua kutafuta upepo. Alifanya hivyo kanisani, na hata jikoni kwa jirani yake Thomasin, uji ukimpolea mezani. "Unamtafuta nani huko juu, babu?" Thomasin humtania, naye hucheka kimya, nyusi zake zimeungua zote. Kazi yake ilikuwa chini katika mgodi wa makaa ya mawe, kuchochea tanuri ambalo joto lake lilipandisha hewa chafu ili safi ishuke. Shimo la kushukia na kutokea lilikuwa moja tu, limegawanywa kwa ukuta wa mbao: hewa ilishukia upande huu, ikapandia ule.

Siku moja Thomasin alikuwa mdomoni mwa shimo na chakula cha mumewe, Cuthbert, alipomwona mzee akipanda, na wachimbaji wote nyuma yake. Alikuwa ameuzima moto.

"Nani kakuruhusu?" meneja alifoka.

"Mbao zimeachana, bwana. Hewa inakatiza kwenye nyufa, haiwafikii vijana. Na cheche ikizishika, watatokea wapi? Chimba shimo la pili."

"Shimo la pili litanipa makaa, we mzee?"

Kesho yake wakamfukuza kwenye nyumba ya kampuni. Moto ukawashwa na mwingine, na Cuthbert akashuka kama kawaida. Mzee alipita kuaga, furushi begani. Kuku walikuwa wakiingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Akalamba kidole, akakiinua.

"Hata kuku wako wana milango miwili, binti yangu," alisema. "Mumeo ana mmoja."