Mstari wa Sikukuu wa Mwalimu Yustina

Mwalimu Yustina alikuwa mtu wa Kiomboi, lakini ujana wake wote ulimalizikia Shelui, akifundisha mwandiko darasa la pili. Hakuwa mpole. Mtoto aliyeshika penseli ovyo alichapwa rula vidoleni. Aliyeinua penseli katikati ya neno alifuta neno zima akaanza upya, maana herufi za kuunganisha, alisema, haziachani njiani. Lakini watoto wake waliandika. Barua ya mtu aliyepita kwa Yustina ilijulikana kabla hujasoma jina.

Mwandiko ule aliupata kwa baba yake, karani wa chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa mzee alirudi kulima mtama, na kalamu hakuishika tena. Yustina aliendelea. Enzi za uhaba, watu walimletea makaratasi awaandikie kadi za harusi na za sikukuu. Kisha biashara zikafunguliwa, na Mselemu, mwenye duka kubwa kando ya barabara ya Nzega, akaanza kuleta kadi zilizochapwa, zenye maua ya kung'aa. Hakuna aliyebisha tena mlangoni kwa mwalimu. Tangu hapo Mselemu alisalimiwa kwa nusu mdomo.

Kila mwaka, kabla ya likizo ya Desemba, Yustina aliandika ubaoni mstari uleule: "Nawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya." Watoto waliunakili mpaka ukurasa ukajaa, wakaupeleka nyumbani. Aliupenda kwa ugumu wake: K kubwa yenye mkia, r inayopanda kukutana na i, s inayoteleza kama hukuibana. Mwaka 2000 wiki ya mstari huo iliangukia ndani ya Ramadhani. Yustina hakuliwaza hilo. Hajira, binti wa Mselemu, alirudi nyumbani na ukurasa wake kama wenzake.

Kesho yake Mselemu aliingia darasani bila hodi.

"Nani kakuruhusu umwandikishe mwanangu Krismasi, tena mwezi mtukufu?"

"Hapa ni darasani, baba Hajira. Toka, upige hodi, ndipo tuzungumze."

"Sitoki!"

"Dukani kwako kadi za Krismasi zimejaa mpaka dirishani. Hizo unauza mwezi gani?"

Watoto wawili nyuma walicheka. Mselemu akawaka.

"Ile ni biashara, huyu ni mtoto wangu. Nikuulize, mwalimu. Miaka yote uliyofundisha hapa, Idi umeiandika mara ngapi?"

Yustina angeweza kusema hakuwahi kulifikiri hilo, na huo ungekuwa ukweli mtupu, lakini si mbele ya mtu yule.

"Toka darasani kwangu," alisema.

Mselemu aliuendea ubao, akaufuta mstari kwa kiganja chake, akaondoka. Hajira alikuwa ameficha uso mezani.

Mwalimu mkuu, Fabiano, hakupenda makelele. "Andika 'Likizo njema', mama, yaishe."

"Hiyo ni ya watoto wa chekechea," Yustina alimjibu.

Siku iliyofuata aliandika mistari miwili. Juu, "Nawatakia heri ya Idi." Chini, ule wa Krismasi. Akaamuru kila mtoto aandike yote miwili. Hakufanya hivyo kwa upendo. Aliikandamiza chaki mpaka ikakatika. Alitaka Mselemu aipate Idi yake, na aipate ikiwa imeambatana na kile alichokichukia.

Jioni alikuja nyumbani kwake Ignas, mzee wa kanisa, ambaye mwanawe alisoma darasa lilelile. Huyo alibisha hodi, lakini maneno yake hayakuwa tofauti.

"Mwalimu, nawe ni mwenzetu kabisa! Umeanza lini kufundisha watoto wetu Idi?"

Yustina alimfungia mlango usoni.

Fabiano aliitisha kikao cha wazazi. Mselemu na Ignas, ambao hawakuwahi kunywa maji nyumba moja, walikaa benchi moja wakakubaliana kila neno: mwalimu huyu ana kiburi, aondolewe darasa la pili. Waliambiwa wamsikilize. Yustina alisimama, akawatazama, akasema, "Sina la kuwaeleza watu wasiojua hata kushika kalamu," akaketi. Wachache waliotaka kumtetea wakanyamaza hapo.

Januari alipewa hesabu za darasa la sita. Mwandiko alipewa Jenifa, binti aliyetoka chuoni juzi, naye akawafundisha watoto herufi za kuachana, kama zilivyo vitabuni. Yustina hakununua tena kwa Mselemu. Chumvi aliifuata duka la mbali, juani. Hajira akikutana naye njiani alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," naye alijibu "Marahaba" bila kusimama.

Siku moja Jenifa alimfuata ofisini na chaki mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Wazazi wanauliza mbona watoto hawaunganishi. Naomba unionyeshe r inavyoshikana na i. Mimi mwenyewe chuoni sikufundishwa."

"Kamuulize Mselemu," Yustina alisema. "Yeye ndiye anayejua kufuta."

Jenifa aliondoka machozi yakimlengalenga. Maneno yale yalimpendeza Yustina kinywani, yakampendeza mpaka kipindi kilichofuata. Kisha akiwa anasahihisha hesabu alisikia dirishani, kutoka darasa la pili, sauti ya Jenifa ikiwasomesha watoto herufi mojamoja, kila moja peke yake. Aliinuka akafunga dirisha.