Nilichinja Beberu Kabla ya Dozi ya Tatu

Kosa ni langu. Si la shetani, si la hasidi, si la daktari. Hakuna mtu aliyenishauri vibaya. Nilikaa mwenyewe, nikafikiri mwenyewe, nikamdanganya mwanangu niliyemzaa, kisha nikamdanganya shehe juu ya mkeka wa maulidi.

Jina langu sisemi. Mji wangu sisemi vilevile. Jueni tu ni kaskazini ya Pemba, na ukishuka gari Konde ujue bado una mwendo.

Nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na baada ya Mapinduzi nikasoma masomo ya watu wazima, basi. Nikikosea herufi mnisamehe. Nikikosea kweli msinisamehe, maana huko ndiko nilikoponzeka.

Mie ni mwanamke wa dua. Sijisifu... ah, najisifu, kwa nini niseme uongo tena! Mwanamke akishikwa na uchungu, naitwa. Mtu akisafiri, hapiti bila kuja nimsomee. Watoto wa mtihani huniletea kalamu zao nizipulizie. Wakifaulu, ni Bibi huyo! Wakifeli, hawakusoma. Ndivyo nilivyoishi miaka yote: ushindi wangu, kushindwa kwao.

Mjukuu wangu, nitamwita Riziki, alikuwa na miaka saba alipovimba shavu. Tukasema jino. Jino likang'olewa, shavu likazidi. Wiki ya tatu mtoto anaonekana kama kaficha limau mdomoni. Tukamshusha hospitali ya Chake, wakamkata kinyama kidogo kikapimwe. Jibu likaja: kansa. Mpelekeni Dar es Salaam.

Mama yake Riziki, nitamwita Asha, ndiye binti yangu wa pekee. Alikuwa na mimba ya miezi minane, hawezi meli. Mumewe akabaki naye. Nikafunga mzigo mie.

Siku ya kuondoka majirani wakaja kutuaga. Yuko mmoja, nitamwita Bi Mize, na akisoma hapa atajijua. Tumekua pamoja, tumetukanana pamoja. Akanambia mbele ya watu:

"Shoga, safari hii dua zako zimekutana na mwanamme mwenzao."

Watu wakacheka. Na mie nikacheka. Lakini neno lile nilipanda nalo meli, nikashuka nalo.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaniketisha. Akanishika mkono. "Bibi, dozi ni sita. Uvimbe huu utayeyuka haraka, pengine kwa dozi ya kwanza tu. Usidanganyike! Mkiacha katikati, unarudi na hasira. Umenielewa, bibi yangu?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Nilielewa! Asije mtu akasema masikini, bibi wa watu hakusoma, hakufahamu. Nilifahamu neno kwa neno.

Wakamtundikia dripu. Na mie nikakaa chini, kando ya kitanda chake, nikasoma Yaasin arubaini na moja. Siku ya nne, Yailahi! Shavu linashuka kwa macho, kama unga uliotiwa maji. Nesi akapita akasema, "Umeona, bibi, dawa inavyofanya kazi?"

"Dawa tu?" nikamwambia. "Hujui nimesoma nini hapa."

Akacheka kwa wema. "Basi wewe soma, bibi, na sisi tutundike."

Neno zuri kama lile, mie nikaliona tusi! Nikasema moyoni, hawa wanataka kunyang'anya cha Mungu. Uongo. Nilichoogopa ni kunyang'anywa changu.

Dozi ya pili ilikuwa mateso. Nywele zikapukutika zote. Akawa anatapika hata maji. Na ile sindano ya uti wa mgongo, wamemkunja mtoto kama kamba, mie nimeshika kichwa chake. Akaning'ang'ania buibui, akasema, "Bibi, si umesema Mungu keshaniponya? Sasa wananichoma nini?"

Ningekuwa na imani ya kweli ningekuwa na jibu. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi hakijibu maswali ya mtoto.

Wakaturuhusu kwenda nyumbani kupumzika, na kadi mkononi yenye tarehe ya kurudi. Kwenye meli Riziki kalala mapajani mwangu, shavu laini, huwezi kujua lilikuwa lipi. Akaamka akasema, "Bibi, tusirudi tena kule." Nikamwambia, "Haturudi."

Tumefika mjini, watu wamejaa uwanjani. Vigelegele! Asha katoka na tumbo lake mbele, analia, "Mama, wamesemaje?"

Bi Mize alikuwa amesimama nyuma yake.

Nikasema, "Kapona."

Neno moja tu. Lingenikaa kooni siku ile nikafa nalo, lingekuwa bora.

Kadi nikaisukumia ndani ya mfuko wa Mas'hafu yangu, maana najua hakuna anayeugusa. Nimeulaza uongo kwenye kifua cha Kitabu! Astaghfirullah. Na nilikuwa na nadhiri: mtoto akipona, nachinja beberu na maulidi yanasomwa. Sasa nimeshasema kapona. Ningefanyaje? Beberu akatoka bandani.

Shehe wetu ni mtu makini. Kabla ya kuanza aliniita pembeni, tukazungumza pazia katikati yetu. "Bi mkubwa, hospitali wamekwisha naye? Nisije nikashukuru kilicho njiani."

"Wamekwisha naye, shehe."

Basi maulidi yakasomwa. Ubani ukafuka, watu wakasimama kwenye kiyamu, marashi yakanyunyizwa. Wanawake wakapokezana Riziki mkono kwa mkono wakimgusa shavu na kujipaka usoni. Shehe akaomba, nyumba nzima ikaitika amin. Watu wale waliitikia kwa nyoyo safi, na mie ndiye niliyewaitikisha uongo.

Bi Mize akaja akanibusu mkono. "Shoga, nimekubali."

Wallahi, siku ile pilau sikuila. Nilishiba neno hilo.

Tarehe ya kadi ikafika. Nikampikia mtoto uji wa mchele na nazi, akaumaliza. Nikasema, unaona? Mzima huyu. Tarehe ikapita. Asha akajifungua mtoto wa kike, nyumba ikawa na shughuli zake, na mie nikashukuru kwamba ina shughuli.

Kisha Riziki akaanza kuacha mandazi. Anatafuna upande mmoja. Nikapapasa chini ya sikio, nikakuta kijiwe. Kigumu!

Hapa ndipo naona haya hata kuandika. Nilijua ni nini. Nilikijua kile kijiwe kama ninavyokijua kidole changu. Na nikamwambia Asha, "Matumbwitumbwi hayo, watoto wote wa mtaa wanayo." Nikampaka masizi, nikamfunga kitambaa shavuni. Siku tisa nimemfunga kitambaa!

Asubuhi moja tumekaa jikoni, Asha ananyonyesha. Nikamwambia Riziki amtilie mama yake chai. Kashika birika, kasimama, haangalii chini wala juu. Akasema:

"Bibi, nitie kikombe kipi?"

"Hicho hapo mbele yako."

"Viko viwili. Kipi?"

Kikombe kilikuwa kimoja.

Asha hakupiga kelele. Alimweka mtoto mchanga chini, akamfungua Riziki kitambaa, akamgeuza uso kwenye mwanga. Jicho la kushoto limeingia ndani kuelekea puani. Akaniangalia mie.

"Mama, kadi ya hospitali iko wapi?"

Nikainuka nikaitoa kwenye mfuko wa Mas'hafu. Kwa mikono yangu mwenyewe. Akaisoma mara mbili.

"Wiki saba," akasema. "Mama, wiki saba zimepita. Dozi nne zimeandikwa hapa, hazijatiwa."

"Mwanangu, mie nilidhani..."

"Hukudhani. Wewe si mtu wa kudhani." Akaikunja kadi, akaitia kifuani. "Mie sikukuuliza kitu. Unajua kwa nini sikukuuliza? Kwa sababu ni wewe. Angekuja na habari ile mtu baki, ningemwambia nionyeshe karatasi."

Aliondoka kwenda Dar es Salaam siku ya pili yake, mtoto mchanga mgongoni na Riziki mkononi. Mumewe kabeba begi. Nikavaa buibui niwasindikize. Asha akageuka mlangoni. "Usije, mama. Hata bandarini usije."

Na habari za mjukuu wangu, akawa anampigia simu Bi Mize! Si mie. Bi Mize ndiye aliyekuwa anakuja kunambia: wamefika, wamelazwa, maradhi yameingia kwenye mishipa ya kichwa, dawa sasa ni kali zaidi, na daktari hatoi ahadi. Safari ile ya kwanza walitoa matumaini makubwa. Hii hawatoi ahadi. Hiyo ndiyo bei, na si mie niliyeilipa. Analipa mtoto.

Siku moja Bi Mize alimaliza habari, akatikisa kichwa. "Shoga, ndio kusema dua zako zimerudishwa."

Hapo nikasimama. Nimekosa, ndio, lakini sikukosa hilo!

"Hazikurudishwa!" nikamwambia. "Zilikubaliwa tangu siku ya nne! Nilimwomba Mungu aliondoe lile donge, akanijibu kwa dripu. Mie nikataka anijibu kwa jina langu. Aliyerudishwa ni daktari, na niliyemrudisha ni mie. Mungu usimtie humo!"

Bi Mize akainuka akenda zake hata chai hajanywa. Si kawaida yake.

Nikenda kwa shehe nikamwambia yote. Alikasirika mpaka ndevu zikamcheza. "Umeniombesha shukrani ya uongo mbele ya waja wa Mungu!" Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Ulipodanganya watu, papo hapo kasemee kweli."

Kulikuwa na hitima mtaa wa pili. Wanawake ni wale wale walioshika shavu la Riziki. Wakati wa dua nikasimama. "Mtoto hakupona. Nilijua hakupona. Dozi zilibaki nne, nikazificha ili mnipigie vigelegele. Sasa kalazwa, na hali si nzuri. Mnitukane mkitaka, lakini muombeeni yeye."

Mmoja akachukua mkoba wake akatoka. Mwengine akasema, "Loo, bibi mzima!" Na amin ya kwanza niliyoisikia, kwa sauti ya kukwaruza ninayoijua tangu utoto, ilikuwa ya Bi Mize.

Kuna kijana wa ukoo wetu, kasoma, akanambia, "Bibi, hii iwe funzo, wacheni mambo ya dua, mufuate hospitali." Nikamwambia kaa kimya. Dua sikuwachi! Na kuna mwanamke aliyekuja kuninong'oneza kwamba Riziki kazidiwa kwa sababu tumekimbilia tena sindano, imani yetu ndogo. Huyo nilimfukuza na kikombe cha kahawa hajamaliza. Nyote wawili mnisikie: Mungu wangu si mdogo kiasi cha kuogopa sindano.

Nikapanda meli bila kuitwa. Asha kanikuta kwenye mlango wa wodi.

"Nilikwambia usije."

"Nimesikia. Nimekuja."

"Mama, sijakusamehe."

"Sikuja kusamehewa. Nimekuja kushika beseni."

Macho yake yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi, titi linamvuja, mtoto mchanga analia. Kisha akanipa beseni.

Ndipo nilipo mpaka leo ninapoandika. Natapikiwa, nasafisha, nasoma Yaasin zangu kando ya kitanda, na kila nesi akija na dripu nasimama kumpisha. Jicho la Riziki halijarudi sawa. Dozi za safari hii zimebaki mbili. Asha hunambia "mama, chukua chai," na zaidi ya hapo hatujafika.

Kutoka nyumbani wananipigia simu: "Bi mkubwa, kapona?" Naliona lile neno linanijia ulimini, tamu, limeshavaa nguo. Nalimeza. Nawaambia, "Bado." Wengine wananyamaza, kama nimetukana. Bado si tusi! Bado si kufuru wala kukata tamaa. Mtu aliyekata tamaa hasemi bado. Ni neno la mtu ambaye angali anaomba na angali anatibiwa.

Juzi Riziki mwenyewe kaniuliza, "Bibi, nimepona?" Nikamwambia, "Bado, mjukuu wangu." Akafikiri, akasema, "Basi waambie watie." Akanyoosha mkono.

Mungu akimponya, daktari ndiye atakayesema, si mie. Na Mungu akimchukua, nitalia mpaka nife, lakini sitasema dua haikufika.

Bibi wenzangu, nyie mnaosifiwa kwa dua, nyie ambao wana wenu hawawaulizi karatasi kwa sababu wanawaamini: wapeni karatasi! Wasomeeni tarehe kwa sauti. Na mtu akikuuliza mgonjwa wako kapona, na daktari hajasema, sema bado. Litakukwaruza koo, na kuna atakayekucheka. Mwache acheke.