Jumamosi Wanangu Wanapanda Gari la Marehemu Baba Mkwe

Admin, habari za kazi. Jina langu libaki kwako tu, maana mawifi zangu wote wanaifuata page hii. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Nzuguni hapa Dodoma na mume wangu na watoto wawili, wa kike ana miaka minane, wa kiume minne. Mume wangu hanipigi, halewi, wala hana mchepuko ninaoujua. Ninachokiogopa mimi ndani ya nyumba hii ni gari. Najua kuna watakaocheka. Chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Ni gari kubwa la zamani, yale ya juu ya kupandia milima, alilotuachia marehemu baba mkwe. Siku ya kumaliza msiba, wazee wa ukoo kwao Kondoa walimkabidhi mume wangu funguo mbele ya watu wote kwa sharti moja, lisiuzwe. Kwao hakuna bibi harusi anayeingia kwenye ukoo bila kubebwa na gari hilo. Hata mimi nililetwa nalo, nimefunikwa khanga, mawifi wanaimba kiti cha nyuma. Mama mkwe mpaka leo akija kwetu analishika boneti kwanza ndipo atupe mkono sisi. Kwa hiyo ukilisema vibaya lile gari, umemsema marehemu.

Tatizo ni kwamba injini imechoka. Lilianza kuchemsha kila tukipata mlima, tukawa tunasafiri na madumu ya maji kama watu wanaokwenda kisimani. Likabadilishwa rejeta. Likaanza kutoa moshi mweupe asubuhi, majirani wanafunga madirisha. Injini ikafunguliwa, ikawekwa gasketi mpya, tukashangilia, haukupita muda yakarudi yale yale. Kila fundi anamlaani fundi aliyemtangulia. Mume wangu akitoka gereji ananuna mpaka chakula hakiliki, ukimuuliza anasema gari limepona. Limepona kila wiki, sijui huwa linaumwa saa ngapi.

Sasa mwaka huu tulikwenda kwao kijijini, kule mbele ya Kolo, na wakati wa kurudi tukawa na mama mkwe. Tunateremka milima ya Kolo, mchana kweupe, injini ikazima yenyewe. Ambao hamjawahi kupatwa na hilo niwaeleze. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe, na gari linaendelea kuteremka tu. Mbele yetu kulikuwa na lori lililojaa magunia ya mahindi. Nilimwona mume wangu ameing'ang'ania breki kwa miguu yote miwili na sauti haimtoki. Mama mkwe anasali kwa Kirangi. Mimi niliwakumbatia watoto nikawaziba macho, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Akalilazimisha gari likaenda kusugua ubavu kwenye ukingo wa udongo, ndipo likasimama. Mlango wa upande wangu ulikuwa haufunguki. Nilijikojolea, na sioni aibu kusema.

Mume wangu alishuka akamwambia mama yake kwamba ni maji tu yalipungua. Mama akamshukuru marehemu kwa kutulinda.

Tulipobaki wawili nikamuuliza mbona ile taa nyekundu ya kuonya joto haikuwaka, wakati zamani ilikuwa inawaka. Akanijibu taratibu.

"Nilimwambia fundi aikate. Kila ikiwaka mnaanza kelele, mimi nashindwa kuendesha."

Ndugu zangu! Yaani gari lilikuwa linatuambia, na yeye akalinyamazisha.

Tuliporudi nikamfuata mpaka gereji, mtaa wa Area D, nikajifanya napita tu. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, nikaona kwa macho yangu oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akatuambia maji yanaingia kwenye oili, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda, na gari linaweza kuzima popote. Mume wangu akamwomba alifunge hivyo hivyo, livuke kwanza harusi.

Harusi yenyewe ndiyo hii Jumamosi. Mdogo wake anaoa, na bibi harusi anachukuliwa ng'ambo ya milima ile ile ya Kolo. Wanangu wote wawili watakaa naye ndani ya gari, na binti yangu ndiye mshika maua. Nimemsihi mume wangu tukodi gari lingine, nimelia, nimepiga magoti.

"Unataka nikasimame mbele ya wazee niseme gari la Baba limenishinda?" akaniuliza. "Na usithubutu kumwambia Mama."

Anaogopa kuliko mimi, ila wazee anawaogopa zaidi. Nikimwambia mama mkwe habari ya ile taa, nimemvua mume wangu nguo mbele ya ukoo wake wote na sidhani kama ndoa itabaki. Nikinyamaza, nitabaki kuwavalisha wanangu nguo za sherehe na kuwapakia mwenyewe.

Kwa hiyo jana nilichukua ufunguo wa gari, ambao ni huo huo mmoja, nikaufukia ndani ya debe la unga wa mtama. Niliona nimemaliza kazi. Leo toka asubuhi mume wangu amepindua nyumba nzima, na mimi natafuta naye, nainua magodoro na mito. Sasa ameamua kwamba binti yetu ndiye aliyeuchezea akaupoteza. Amemkalisha sebuleni, amemwambia asipousema ulipo atamchapa. Mtoto anaapa hajaugusa, analia, ananiangalia mimi nimtetee.

Naandika haya nikiwa jikoni, debe liko miguuni kwangu. Nauliza upesi kwa sababu nasikia anatafuta fimbo. Nishaurini, nifanye nini?