Chaki Mkononi mwa Bi Mkubwa

Simpendi yule mama, na sitajifanya hapa kwamba muda umenipoza. Kila nikipita mtaa wa Al Twar kwa basi na kuziona zile nyumba za kuta nyeupe, nageuza uso. Anaishi katika mojawapo, na natumaini kiyoyozi chake kinamvujia kitandani.

Mchezo uliotukutanisha wengi hawaujui, na wanaoujua huucheka. Ukumbini unatandikwa mkeka wa kijani, mrefu na mwembamba kama ujia wa hospitali. Unaviringisha tufe ukitaka lisimame karibu na kipira cheupe tunachokiita jeki. Katikati ya mkeka kumelazwa kigogo ili usipate kupiga moja kwa moja, na tufe lenyewe limechongwa upande, kwa hiyo huenda likipinda. Mwisho wa mkeka kuna mtaro, na tufe likitumbukia humo limekufa, linaondolewa. Lakini kama njiani liligusa jeki, hupigwa alama ya chaki, na tangu hapo hata likiangukia mtaroni liko hai na linahesabiwa. Anayeipiga chaki hiyo ni mtu aliyesimama upande wa jeki, na lazima aipige kabla tufe linalofuata halijasimama. Akichelewa, basi. Akikausha makusudi, basi vilevile, na kisa changu chote kimo humo.

Tulikuwa na mzunguko wetu wa mashindano. Kila Jumapili tulikwenda ukumbi mwingine: leo shule moja ya Al Twar, wiki ijayo jumba la wakazi kule Jumeirah Village, nyingine ghorofani juu ya mkahawa Karama, ambako harufu ya vitunguu ilipanda mpaka kwenye jezi zetu. Hatukuwa wachezaji wa kulipwa hasa. Ulipewa jezi, nauli, na bahasha ukishinda, kisha Jumatatu kila mtu alirudi kazini kwake. Ila nafasi zilikuwa chache. Msimu ulipoisha, wenye pointi kidogo waliondolewa, na waliokuwa wakisubiri wakaingia.

Mimi nilifanya kazi mapokezi katika hoteli ya vyumba vya kupangisha. Nikilala Karama, chumba kimoja na wanawake wengine, kila mmoja na pazia lake. Ili nipate Jumapili zangu nilikubali zamu ambazo hakuna aliyezitaka, na niliwavumilia wageni waliofoka kwa ajili ya mto wa kichwa. Wiki nzima mdomo wangu ulijaa yes sir na yes madam. Juu ya mkeka sikumwambia mtu hivyo. Niliinama, nikatupa, na watu wazima wakanyamaza kutazama tufe langu linapokwenda. Sikuwa na mahali pengine pa namna hiyo katika mji ule wa ugenini, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote ambaye angenitoa.

Msimu ule kura ya wachezaji wawili wawili ikanipa Bi Mkubwa.

Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, mpaka Waganda tuliocheza nao. Alikuwa Mzanzibari wa zile familia za zamani, waliokuja mji ule kabla ya majengo marefu, na hakukuacha ulisahau hilo. Alicheza vizuri, sitasema uongo. Tufe likitoka mkononi mwake lilikizunguka kile kigogo kwa adabu zote. Lakini ulimi wake! Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Weye wa Mombasa?"

"Naam, Bi Mkubwa."

"Haya. Tutakufunza."

Mimi nimezaliwa nyumba ya wanawake wenye midomo, najua kujibu. Lakini yeye alikuwa nahodha na mimi mtangulizi. Nahodha husimama upande wa jeki akikuelekeza kwa mkono, wewe uko upande wa pili unatupa. Ukibishana naye umejikaanga mwenyewe. Nikameza. Jumapili baada ya Jumapili nilimeza, na yeye akazidi kunipa vya kumeza. Nikitupa vizuri, aliuinamia mkeka kana kwamba ndio uliofanya kazi. Nikikosea, aliwageukia waliokaa vitini na kusema kwa sauti ya huruma, "Mwenzangu kachoka leo, masikini. Kazi za hoteli."

Miongoni mwa waliokaa vitini alikuwako mke wa mwanawe. Binti mmoja mkimya, mwenye mtandio wa rangi ya zabibu, aliyembebea Bi Mkubwa begi la matufe na chupa ya chai ya tangawizi. Alikuwa wa kwanza katika foleni ya wanaosubiri. Jambo hili halikuwa siri. Lilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mtu analiona. Akiondoka mmoja, yeye anaingia.

Na aliyekuwa ukingoni ni mimi. Pointi zilihesabiwa kwa kila mtu peke yake. Bi Mkubwa alikuwa nazo za kutosha kutokana na michezo ya mtu mmoja mmoja, hakuwa na wasiwasi hata tukipoteza zote. Mimi mtu mmoja mmoja nilikuwa hovyo. Ilipofika Jumapili ya mwisho, pale Jumeirah Village, hesabu ilikuwa nyepesi: tukishinda nabaki, tukishindwa natoka, na binti wa mtandio anachukua jezi yangu.

Niliona hatari hiyo. Lakini nilijiambia hawezi kutupa vibaya makusudi, kwa kuwa analipenda mno jina lake. Sikuifikiria chaki.

Tulicheza na Waganda wawili, walinzi wa jengo moja la jirani, watu wa heshima waliokuwa wakitamka sala fupi kabla ya kila mzunguko. Tukaenda nao sambamba mpaka mzunguko wa mwisho. Mimi natupa, Bi Mkubwa amesimama kule kwenye jeki. Nikaachia tufe, likakizunguka kigogo, likarudi ndani taratibu, na nikaliona likiigusa jeki. Liligusa kidogo tu. Jeki ilitikisika kama mtu anayeguswa bega msikitini, tufe langu likasimama mbele yake. Nilifunga ngumi kwa furaha. Mpinzani wangu Mganda akatupa lake, likapita pembeni, likasimama.

Tulipobadilishana pande, nikafika kwenye jeki na kuinama. Tufe langu lilikuwa jeusi tupu.

"Bi Mkubwa, chaki iko wapi?"

"Ya nini?"

"Limegusa! Nimeliona kule nilikosimama."

"Halikugusa, mwanangu." Aliisema taratibu, akijifuta vidole. "Weye ulikuwa mbali. Miye ndiye niliyekuwa hapa."

Nikamwita mwamuzi, Mganda mwingine, msimamizi wa walinzi katika maisha yake mengine. Alikuja, akainama, akasimama tena. "Sista, mimi sikuona. Na tufe la baadaye limeshasimama. Sasa nitafanya nini? Chaki ikikosekana, imekosekana. Khalas, tuendelee."

Tukaendelea. Ya Bi Mkubwa yalisimama mbali kidogo, kwa heshima, hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Kisha nahodha wa Waganda akatupa kwa nguvu. Tufe lake likalipiga langu, langu likaisukuma jeki, vyote viwili vikatumbukia mtaroni na kulala ubavu kwa ubavu. Lingekuwa na chaki, tumeshinda pale pale. Halikuwa nayo. Mwamuzi akaliokota kama anaokota kiatu cha mtu, akaliweka kando, na lililokuwa karibu likawa la kwao.

Tuna desturi: walioshindwa ndio wanaokunja mkeka. Ni kazi ya watu wawili, kila mmoja ashike kona yake mwende sawa, kwa sababu ukikunjwa mshazari hufanya mkunjo, na Jumapili inayofuata matufe yote yanakwenda kombo. Bi Mkubwa alipokea simu akatoka nje. Nilipiga magoti nikaukunja peke yangu, nikikimbilia kona hii na kona ile, jasho likinitiririka katika baridi ya kiyoyozi. Watu wakipita waliinua miguu. Nilimchukia kwa kila pumzi niliyovuta pale sakafuni, na nilijua kwa hakika kwamba alisikia raha.

Binti wa mtandio akaingia kwenye mzunguko. Mimi nikaambiwa kanuni: aliyeondolewa akitaka kurudi kwenye foleni, kwanza atumikie msimu mzima kama mshika chaki wa michezo ya mtu mmoja mmoja. Humo hakuna nahodha. Mshika chaki husimama kwenye jeki badala ya manahodha wote wawili, anapima, anapiga alama, hafungui mdomo mpaka aulizwe. Lalamiko moja likithibitishwa dhidi yake, hana foleni tena.

Wenzangu wa chumbani walinicheka. "We dada, si uachane nao tu? Jumapili ulale." Mmoja wao, Mkenya wa bara, akasema, "Hiyo ni kujitesa bure, aki." Labda. Lakini nilitaka mkeka wangu, na nilitaka Bi Mkubwa anione kila Jumapili nimesimama, sijaenda popote. Kwa hiyo nikawapigia watu wengine chaki msimu mzima. Yeye mwenyewe niliwahi kumpigia, safi, bila neno. Alikuwa akinitazama kama mtu anayetafuta nywele ndani ya pilau, na hakupata kitu.

Jumapili ya mwisho tukawa Al Twar, kwenye ukumbi wa shule wenye michoro ya watoto ukutani. Safari hii aliyekuwa ukingoni ni binti. Hakuwa mchezaji mbaya, ila alicheza kwa woga, akimtupia jicho mamamkwe kabla ya kila tufe. Alihitaji kushinda mchezo mmoja tu abaki. Kura ikamtupia Bi Mkubwa.

Na mshika chaki nikawa mimi.

Aliyekaa ukumbini mule na macho yake alijua kinachoendelea. Bi Mkubwa, ambaye tufe lake halikuwahi kupotea njia, siku hiyo alikuwa akitupa kama mtu mwenye kibiongo. Moja likaenda nje, jingine likakwama kwenye kigogo. Alitikisa kichwa, akajisugua kiuno, "Yarabi, mgongo huu." Jina lake alilolipenda hivyo alikuwa analikanyaga mbele ya watu, kwa ajili ya yule binti. Kama angekuwa mtu mwingine ningemwonea huruma.

Lakini mkono una mazoea yake. Mzunguko wa mwisho wakawa wamefungana, na Bi Mkubwa akatupa tufe alilolikusudia lipite mbali. Likapinda. Likaja ndani, polepole, likaipapasa jeki na kusimama mbele yake. Nilikuwa nimesimama juu yake kabisa. Bila alama, binti angeweza kulitumbukiza mtaroni likafa; likiwa na alama, lingebaki hai. Nikainama na chaki.

"Halikugusa!"

Sauti yake ilitoka upande wa pili wa ukumbi, na watu wote wakageuka. Sijawahi kuona mchezaji akikataa tufe lake mwenyewe.

"Limegusa, Bi Mkubwa."

"Nakwambia halikugusa! Tufe langu, miye najua. Ukiipiga hiyo alama nakushitaki, na foleni yako usahau. Wallahi nakushitaki."

Niliipiga alama kubwa, nyeupe, mtu angeiona kutoka mlangoni. Sitadai kwamba niliipiga kwa ajili ya haki. Liligusa, kweli, lakini ningekuwa namdanganya msomaji nisiposema pia kwamba nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Mwamuzi akaja, yule yule wa msimu uliopita. Mshika chaki akishitakiwa, aulizwe mpinzani. Akamgeukia binti. "Madam, wewe umeona nini?"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mamamkwe wake. Aliushika mtandio chini ya kidevu. Neno moja tu, kwamba halikugusa, na angeweza kubaki na jezi yake, na mimi ningetoka mlangoni nisirudi tena.

"Limegusa, mama," alisema. Hakumwambia mwamuzi, alimwambia Bi Mkubwa. "Tuache sasa."

Akatupa yaliyobaki upesi, bila kumtazama mtu. Hakuna lililokaribia. Bi Mkubwa akatangazwa mshindi, akakaa kwenye kiti cha mtoto wa shule na kufunga zipu ya begi lake mara mbili tatu, ingawa ilikuwa imeshafungwa.

Mkeka ulikuwa wa binti kuukunja, na mchezo ukiwa wa mtu mmoja mmoja, mshika chaki humsaidia. Tukapiga magoti, yeye kona yake na mimi yangu, tukaanza. Tulikwenda sawa. Mikono yake ilikuwa na ustadi, na katika mwendo ule nikahisi hasira za msimu mzima zikilegea. Nilianza kumpenda. Nilikuwa hata natafuta neno la kumshukuru bila kujidhalilisha.

Yeye akaanza kwanza, kwa sauti ya chini ili wa vitini wasisikie.

"Dada, nikwambie kitu. Lako pia liligusa. Kule Jumeirah Village. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kabisa, nililiona."

"Uliliona."

"Nililiona vizuri. Nilitaka kusema, ila..."

Hakumaliza, na sikumsaidia amalize. Tulikuwa tumefika palipokuwa na kigogo, nusu ya kazi. Nikaachia kona yangu, mkeka ukajifungua upande mmoja na kulala mshazari sakafuni. Nikasimama, nikakung'uta chaki kwenye viganja, nikachukua mkoba wangu, nikamwacha aukunje peke yake.